Miaka 60 ya Chuo Kikuu cha Kisangani: utafiti ushuke hadi Isangi

Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha Kisangani kilitimiza miaka 60, na kwa chuo hiki kufika umri huo ni kazi iliyofanywa, wala haikuletwa na kalenda peke yake. Kilifunguliwa mwaka 1963, mji ukiitwa bado Stanleyville, kwa jina la Chuo Kikuu Huria cha Kongo. Kilikuwa chuo cha makanisa ya Kiprotestanti, cha tatu nchini baada ya Lovanium ya Wakatoliki kule Léopoldville na chuo cha serikali kule Élisabethville. Agosti 1964, kabla chuo hakijafikisha mwaka, waasi wa Simba waliuteka mji. Masomo yakakatika, wanafunzi wakapelekwa Léopoldville. Mwaka 1966 na tena 1967 mji ukatikiswa na maasi ya askari wa Katanga na mamluki. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ikavikusanya vyuo vyote vitatu kuwa kimoja, UNAZA, na mwaka 1981 ikavitenganisha tena, ndipo tukapata UNIKIS kwa jina tunalolijua. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu kwa siku sita, mamia ya raia wakafa. Chuo kilichopita katika hayo yote na bado kinafungua milango asubuhi kinastahili vigelegele, nasi tunavipiga.

Wengine watasifu utabibu, wengine sheria, wengine sayansi za misitu. Sisi tumechagua kona moja ambayo husahaulika sherehe zinapofika: Kitivo cha Saikolojia na Sayansi za Elimu. Mageuzi ya 1971 yalipogawa fani, Kinshasa ilibaki na sheria na uchumi, Lubumbashi ikapewa fasihi na sayansi za jamii, na Kisangani ikapewa mtoto. Yaani saikolojia na pedagojia ya nchi nzima ililetwa hapa, penye maporomoko ya Wagenia. Kwa miaka kumi, yeyote aliyetaka kusomea namna Mkongo mdogo anavyokua na kujifunza katika ngazi ya chuo kikuu alilazimika kupanda ndege au meli hadi kwetu. Mageuzi hayo hayakuwa ya upole, maana mwaka huohuo wanafunzi wa Lovanium waliogoma waliingizwa jeshini kwa nguvu. Lakini jambo lililoanza kwa amri liliota mizizi. Kitivo hiki kimetoa mainspekta, washauri wa wanafunzi, madirekta wa shule na maprofesa waliotawanyika hadi vyuo vya mbali.

Tena hakikufundisha tu. Katika miaka ya 1970 kilikuwa na kituo cha utafiti, CRIDE, kilichokusanya watu wa fani mbalimbali kuitazama elimu kwa pamoja. Mbelgiji Benoît Verhaegen, aliyekuwa amejulikana kwa kazi zake juu ya maasi ya Kongo, alifanya kazi hapa, na mwaka 1978 kikatoka kitabu chake juu ya miaka 20 ya elimu ya chuo kikuu nchini, toka Lovanium hadi UNAZA, jina la CRIDE likiwa kwenye jalada. Hebu fikiria: mji ulio mbali na bahari na mbali na ikulu, unatoa kitabu kinachoieleza nchi kwa nchi yenyewe. Kila mwaka tangu hapo vijana wa kitivo wameandika kazi zao za kumaliza masomo, TFC na memwari, wakahesabu watoto wanaorudia darasa, wakauliza wazazi juu ya prime, ile michango yao ya kumlipa mwalimu, wakapima walimu wanavyoishi kwa mshahara unaochelewa.

Kazi hiyo ni ya kweli, na bila hiyo tusingejua hata ukubwa wa tatizo. Lakini jubilei ni mahali pa kusema ukweli kwa mtu unayempenda. Kwa sehemu kubwa, utafiti wa elimu wa nchi yetu umeitazama shule toka nje. Umehesabu madawati, umehesabu waliofaulu TENAFEP, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, umegawa maswali na kukusanya majibu. Mara chache umeketi nyuma ya darasa la pili, saa mbili na nusu asubuhi, ukaangalia mtoto mmoja anavyolishika swali la hesabu na mahali linapomponyoka. Somo lenyewe, zile dakika ambazo ndizo sababu ya shule kuwepo, limeachiwa mwalimu peke yake. Na mwalimu wa shule ya msingi hapa hakupita chuo kikuu. Alimaliza sekondari ya pedagojia, pedago, akapata diploma ya serikali, akapewa chaki. Hakuna aliyewahi kumwita mtafiti.

Kuna nchi iliyofanya kinyume chake, na kisa chake kinatugusa kwa karibu kuliko umbali wa ramani. Mwaka huohuo wa 2023, mjini Tokyo, shule ya msingi inayomilikiwa na Chuo Kikuu cha Tsukuba ilitimiza miaka 150. Ilianzishwa mwaka 1873 kama shule ya mazoezi ya chuo cha ualimu kilichofunguliwa mwaka mmoja kabla. Wakati ule Japani ilikuwa imetangaza, mwaka 1872, kwamba kila mtoto lazima asome, kisha ikawatupia wazazi gharama. Wakulima hawakufurahi. Mwaka 1873 walichoma shule katika mikoa kadhaa, hasira ya ada ikichanganyika na hasira ya kodi na ya kuandikishwa jeshini. Ilichukua hadi mwaka 1900 ada ya shule ya msingi ya lazima kufutwa, na miaka michache baadaye zaidi ya asilimia 90 ya watoto walikuwa wameandikishwa. Madarasa yakafurika. Na mwaka 1904 walimu wa shule ile ya mazoezi, walimu wa watoto wadogo kabisa, waliunda chama cha kutafiti elimu ya msingi na kuanzisha jarida lao, Kyōiku Kenkyū, ambalo lingali likitoka.

Msomaji wa mkoa wetu wa Tshopo ameshaona tunakokwenda. Kwetu ada ya shule ya msingi ilifutwa Septemba 2019. Watoto wakamiminika, vyumba vikajaa, na kelele zote zikawa juu ya idadi: walimu wangapi hawajaandikwa, madarasa mangapi hayajajengwa. Kelele za haki. Mwaka 2023 ulikuwa wa nne tangu mafuriko hayo, na katika mwaka wa nne wa mafuriko yao Wajapani waliuliza swali lingine: tunawafundishaje hawa wote, somo kwa somo? Hatusemi jambo moja lilizaa lingine. Tunasema tu kwamba hawakungoja vyumba vitoshe ndipo waulize.

Shule ile ina desturi ambayo kitivo chetu kingeitazama kwa makini. Kwa kawaida mwalimu wa msingi Japani hufundisha karibu masomo yote, kama wetu. Lakini katika shule hii ya utafiti kila mwalimu amejifunga na somo moja: lugha ya taifa, hesabu, sayansi, maarifa ya jamii, muziki, sanaa na ufundi, mazoezi ya mwili, mambo ya nyumbani. Analilima miaka na miaka. Kila mwaka shule hufungua milango, walimu toka nchi nzima huja, masomo hufundishwa mbele yao na watoto halisi, kisha hujadiliwa hadharani. Shule za kawaida nazo hufanya jambo lilelile kwa kiwango chao, huko mitaani na vijijini, na ulimwengu umelijua kwa jina la jugyō kenkyū, yaani utafiti wa somo, hasa tangu Wamarekani James Stigler na James Hiebert walipoliandikia kitabu mwaka 1999.

Namna yenyewe si siri. Walimu wachache wa shule moja huchagua jambo moja linalowasumbua. Husoma mtaala na vitabu vya kiada, na wala si kitabu kimoja, huvilinganisha. Huandika pamoja mpango wa somo moja. Mmoja wao hulifundisha, wengine husimama pembeni na kuangalia watoto, bila kuwasaidia na bila kumwangalia sana mwenzao. Jioni huketi. Aliyefundisha husema kwanza, wengine husema walichokiona: mtoto wa dirishani aliandika 5 akafuta, yule wa nyuma alimwonyesha jirani kwa vidole. Mgeni mwenye ujuzi husema mwisho. Kisha huandikwa, na mara nyingine somo hurekebishwa na kufundishwa tena katika darasa jingine. Kwa kuwa mpango uliandikwa na wote, lawama haimwangukii mmoja.

Chukua somo la hesabu la darasa la kwanza, 13 kutoa 9. Kwetu fishi ya maandalizi ya somo ingeandikwa kwa nusu saa. Kule watu wazima hubishana juu ya namba zenyewe. Kwa nini 13 na 9, kwa nini isiwe 12 kutoa 3? Kwa sababu mtoto ana njia kadhaa. Anaweza kuhesabu kwa vidole akirudi nyuma. Anaweza kuivunja 13 kuwa 10 na 3, akatoa 9 kwenye 10, ikabaki 1, akaijumlisha na 3, akapata 4. Au anaweza kutoa kwanza zile 3, kisha akatoa 6 zilizobaki kwenye 10. Ukimpa 13 kutoa 9, njia ya pili inajileta yenyewe, kwa kuwa 9 iko mlangoni pa 10. Ukimpa 12 kutoa 3, atavutwa na ya tatu. Kwa hiyo uchaguzi wa namba ni uchaguzi wa fikra ambayo mwalimu anataka izaliwe darasani asubuhi hiyo, na ndiyo maana mpango wa Kijapani una safu nzima ya majibu ambayo watoto wanatarajiwa kutoa, yaliyo sawa na yasiyo sawa, pamoja na mchoro wa ubao utakavyoonekana saa ya kengele. Ubao haufutwi katikati ya somo. Njia zote za watoto hukaa pale, zikitazamana.

Hapo ndipo Kisangani ina jambo la kuongeza ambalo Tokyo haina. Mtoto wa Kijapani akitaja 13 husema kumi na tatu, kumi ikiwa wazi mdomoni. Anayehesabu kwa Kiswahili hali kadhalika, na anayehesabu kwa Kilingala, zomi na misato, vilevile. Anayehesabu kwa Kifaransa hupewa treize, na kumi imefichika. Je, mtoto wa Isangi huivunja kumi kwa urahisi zaidi akihesabu kwa lugha ya sokoni kuliko akihesabu kwa lugha ya kitabu? Swali hili halihitaji maabara wala mfadhili. Linahitaji madarasa mawili, mwalimu anayezijua lugha zote, na watu wanne wenye daftari na macho.

Tumetaja Isangi, nasi hatukulitaja jina hilo kwa ajili ya pambo. Isangi iko pale mto Lomami unapomwaga maji yake katika mto Kongo, kilomita zipatazo 125 chini ya Kisangani. Walokele wavuvi na wachuuzi wa mtoni, Waturumbu wa upande wa Yangambi, Watopoke wa msituni, wote wanakutana katika masoko yake. Mtoto wa huko husikia lugha ya mama jikoni, Kilingala sokoni na kwenye balenyera, zile mashua za mtoni, Kiswahili kwa ndugu waliokaa mjini, na Kifaransa kwa mwalimu. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa na lugha za mahali zifundishie. Mwaka 2012 mpango wa ELAN wa nchi zinazotumia Kifaransa ulianza kulijaribu jambo hilo katika nchi nane, yetu ikiwemo. Lakini sheria haisemi mwalimu aseme nini saa mbili na nusu asubuhi, na mtaalamu wa mradi huondoka fedha za mradi zinapokwisha. Mtu pekee anayebaki ni mwalimu. Kwa hiyo mtu wa kufanya utafiti huo ni mwalimu, na kazi ya kitivo ni kuketi naye.

Chuo hiki kimewahi kuwa na mtu wa namna hiyo. John Carrington, mmisionari Mwingereza wa Kibaptisti, alifika Kongo mwaka 1938 akakaa Yakusu miongoni mwa Walokele. Alikuja kufundisha, akaishia kujifunza: alikaa chini ya wapiga ngoma hadi akaelewa jinsi milio miwili, ya juu na ya chini, inavyobeba maneno toka kijiji hadi kijiji, na kitabu chake juu ya ngoma hizo kikatoka mwaka 1949. Aliona mapema kwamba vijana wa shule walikuwa wakiupoteza ujuzi huo. Baadaye alikuwa profesa wa elimu ya mimea katika chuo chetu. Aliwasikiliza watu aliokuja kuwafundisha, na akaandika alichosikia kwa uangalifu wa mtaalamu. Hatujui mfano mzuri zaidi wa kuwapa vijana wa kitivo.

Na tukishataja mimea, kuna somo la sayansi. Katika wilaya hiyohiyo ya Isangi iko Yangambi, ambako Wabelgiji walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1933, ambacho leo ni INERA, chenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa inayojulikana ulimwenguni na, tangu mwaka 2020, mnara wa kupima pumzi ya msitu. Wataalamu huvuka bahari kuja kuangalia miti hiyo. Mtoto anayepita chini ya miti hiyohiyo akienda shule hufundishwa sehemu za ua kwa kunakili mchoro. Japani watoto wa darasa la kwanza na la pili hawana somo la sayansi wala la jamii: tangu 1992 yameunganishwa kuwa somo moja la maisha, ambamo hupanda, hufuga, huzunguka mtaani na kuuliza. Sayansi huanza darasa la tatu, na huanza kwa mche uliooteshwa na mtoto mwenyewe. Hatudai Yangambi iwe bustani ya shule. Tunadai kwamba somo la mmea, lililotungwa na walimu wa tarafa moja pamoja na mtu mmoja wa INERA na mmoja wa kitivo, lingekuwa utafiti wa daraja la kwanza, na lingefaa kuandikiwa memwari.

Wasomaji wataleta vizuizi, navyo tunavijua. Cha kwanza ni msongamano. Kwa kweli darasa la watoto 80 si darasa la watoto 30. Lakini kanuni za Japani za mwaka 1886 ziliruhusu hadi watoto 80 kwa mwalimu mmoja katika shule ya msingi ya kawaida, na hata mwishoni mwa miaka ya 1950 sheria ilikuwa bado inaweka kipimo cha 50. Desturi tunayoisifu ilikomaa katika madarasa yaliyojaa. Cha pili ni njaa: mwalimu asiyelipwa hawezi kubaki jioni kujadili namba 13. Hiki hatukijibu kwa maneno. Serikali ilipe, na yeyote anayeandika juu ya ubora wa mafunzo bila kutaja mshahara anamdhihaki mwalimu.

Cha tatu ndicho kinatutisha zaidi, kwa kuwa ni chetu wenyewe: mtu akiingia nyuma ya darasa na daftari, mwalimu wetu huona inspekta. Fishi yake hukaguliwa, jornali ya darasa hukaguliwa, na marekebisho anayopewa mwalimu huwa kama cheti cha aibu. Fishi ile yenyewe, na hatua zake za kumbusho, motisha, tangazo la somo, uchambuzi, muhtasari na zoezi, ina ukoo wa kale. Ni mjukuu wa hatua za Mjerumani Herbart, zilizopita Ubelgiji zikatufikia. Jambo ambalo wachache hulikumbuka ni kwamba Japani nayo ilizipokea, Mjerumani Emil Hausknecht akizifundisha Tokyo kuanzia 1887, zikageuka huko pia kuwa fomu ya kujazwa. Tofauti ikaja baadaye. Walimu wao waliichukua ile fomu wakaigeuza mahali pa kubishania. Yetu imebaki mahali pa kupiga mhuri.

Tusiwageuze Wajapani malaika. Shule zilezile, kwa ustadi uleule, zilifundisha utii kwa mfalme na vita vyake. Mwaka 1940 walimu waliowafundisha watoto wa vijijini kuandika insha juu ya maisha yao halisi, umaskini ukiwemo, walianza kukamatwa. Ustadi wa kufundisha hauchagui bwana wake. Lakini wale waliokamatwa nao walikuwa walimu watafiti, na insha za watoto ndizo zilizokuwa utafiti wao. Serikali iliona hatari ndani yake upesi kuliko wengi walivyoona thamani.

Afrika Mashariki haijangoja. Kenya ilianza mwaka 1998, kwa ushirikiano na Japani, mradi wa SMASSE wa kuimarisha hesabu na sayansi katika sekondari, ukazaa kituo cha CEMASTEA jijini Nairobi na baadaye ukaingia shule za msingi. Uganda ikaanza wa kwake, SESEMAT, mwaka 2005, mwaka uleule ambao Zambia ilileta utafiti wa somo ndani ya shule zenyewe. Kuna tofauti hapo inayofaa kuangaliwa. Njia ya Kenya ilikuwa ya maporomoko: wakufunzi wa taifa wanawafunza wa wilaya, wa wilaya wanawafunza walimu likizoni. Inafikia wengi haraka, na hupoteza utamu kila inaposhuka ngazi. Njia ya Zambia huanza na walimu wa shule moja, husambaa polepole. Kwa nchi yetu, ambako barua hufika kabla ya mafunzo na mafunzo kabla ya vitabu, tunapendelea ya pili.

Basi kitivo kifanye nini baada ya chuo kutimiza miaka 60? Mabadiliko ya LMD, mfumo mpya wa digrii wa ngazi tatu, yaliyoanza mwaka wa masomo wa 2021-2022 yamelazimisha kila kitivo kuandika upya mitaala yake, na mtaala unaoandikwa upya unaweza kupokea jambo jipya bila amri ya waziri. Sehemu ya memwari za sayansi za elimu ingeweza kuwa uchunguzi wa somo moja la shule ya msingi, lililotungwa pamoja na walimu wa shule husika, na majina ya walimu hao yawe kwenye jalada kando ya jina la mwanafunzi. Hili la majina tunalisisitiza. Mwalimu ambaye jina lake limechapishwa hufungua mlango wa darasa kwa mgeni wa pili kwa moyo tofauti. Shule mbili au tatu za Kisangani na nyingine mbili za Isangi zitatosha kuanzia, bora ziwe zilezile kila mwaka, ili somo la 13 kutoa 9 lililofundishwa vibaya mwaka huu lirudi mwakani likiwa bora na aliyeliona mwanzo awepo.

Kisha yachapishwe, na yachapishwe kwa Kiswahili na Kilingala pia. Memwari ya Kifaransa iliyofungiwa katika maktaba ya chuo haimfikii mwalimu wa kijiji cha Walokele. Kijitabu cha kurasa 20 chenye mpango wa somo, picha ya ubao na majibu halisi ya watoto kitasomwa. Hapa tena jirani zetu wa mtoni walitutangulia. Mwanzoni mwa karne ya 20 misheni ya Yakusu ilikuwa tayari ikichapa gazeti kwa Kilokele, Mboli ya Tengai, na watu walilisoma. Kama mashine ya mkono ya wakati ule iliweza, printa ya kitivo itaweza.

Gharama ya kuanza ni nauli ya balenyera, karatasi na chaki, na posho ya haki kwa mwalimu atakayebaki jioni. Maprofesa wetu wapendwa, tunawapongeza kwa miaka 60, na tunawaandikia sasa kwa sababu mada za memwari za mwaka ujao bado hazijagawiwa.